Miito ya mfumo: maktaba inaficha mlango, haifichi ahadi

Chukua mstari mmoja wa Python, ule ambao karibu kila anayeanza huuandika siku ya kwanza: print("Habari"). Uendeshe kwenye Linux chini ya zana iitwayo strace, inayoonyesha kila ombi ambalo programu inalipeleka kwa mfumo endeshi, na kioo kitajaa mistari tele ambayo hukuiandika wewe. Python inafungua maktaba zake (msimbo uliokwisha kuandikwa ili programu zingine ziutumie), inaomba kumbukumbu, inauliza kama faili fulani lipo au halipo. Karibu na mwisho kabisa ndipo unapoliona neno lako:

write(1, "Habari\n", 7) = 7

Kazi yote ilifanyika hapo. Programu ya kawaida haina ruhusa ya kugusa kioo, diski wala kadi ya mtandao. Prosesa yenyewe inaizuia. Inachoweza ni kuomba. Inaweka namba ya ombi mahali panapojulikana (write kwenye Linux ya x86-64, aina moja ya prosesa, ni namba 1), inasema iandikwe wapi (ile 1 iliyo ndani ya mabano ya mstari wetu, yaani kioo), maneno yako wapi kwenye kumbukumbu na ni baiti ngapi, kisha inatoa amri moja ya prosesa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inashika usukani. Kazi ikiisha, kerneli inarudisha jibu. Hapa jibu ni 7: baiti zote saba zimepokelewa. Ombi la namna hii ndilo linaloitwa wito wa mfumo. Linux ina miito zaidi ya 300, ingawa ile inayobeba kazi za kila siku ni michache: open na close za kufungua na kufunga faili, read na write, mmap ya kumbukumbu, fork na execve za kuanzisha michakato mipya, socket na wenzake wa mtandao.

Je, mwandishi wa programu wa leo anahitaji kuijua miito hii? Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya maktaba na lugha, yeye ashughulike na tatizo la mteja wake. Wapo wanaosema asiyeijua anajenga juu ya ardhi asiyoipima. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili. Lakini wale wa kwanza wana hoja nzito kuliko tunavyokubali, na naanza nao.

Tazama yaliyoikuta lugha ya Go. Waliounda Go waliamua programu zake ziongee na kerneli moja kwa moja, bila kupitia maktaba ya C. Kwenye Linux uamuzi huo umesimama, kwa sababu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake wanashikilia kanuni moja kwa ukali: kerneli mpya haivunji programu iliyokuwa ikifanya kazi. Apple hawajawahi kutoa ahadi hiyo kwenye kerneli yao. Ahadi yao iko kwenye maktaba yao, libSystem. Mwaka 2016 macOS Sierra ilibadilisha namna wito wa gettimeofday unavyorudisha jibu lake, na programu zilizokwisha kutengenezwa kwa Go ya zamani zikaanza kuanguka. Wenye programu hizo hawakuwa wamegusa chochote. Ilibidi wazitengeneze upya kwa toleo jipya la Go. Kuanzia Go 1.11, mwaka 2018, upande wa macOS ulianza kuhamishiwa kwenye njia ya libSystem. Kwenye Windows hali ni hiyo hiyo: namba za miito hubadilika kati ya toleo na toleo, na kinachoahidiwa ni vitendaji kama CreateFile na WriteFile, basi. Hata ndani ya Linux, write ambayo ni namba 1 kwenye x86-64 ni namba 64 kwenye Arm ya biti 64. Anayeita kerneli kwa mkono wake amejifunga na mashine moja.

Kuna faida nyingine ya maktaba ambayo naiheshimu zaidi. Zamani, programu ya Python iliyokuwa ikisubiri read ingeweza kupokea kosa kwa sababu tu ishara fulani imefika katikati ya kusubiri. Halikuwa kosa la kweli. Ulitakiwa kuomba tena, na kila mwandishi alipaswa kukumbuka kuandika kitanzi cha kuomba tena. Wengi hawakukumbuka. Python 3.5, mwaka 2015, ilianza kurudia ombi hilo yenyewe. Aina nzima ya hitilafu ikapungua kwenye programu za watu ambao hawakulazimika kujifunza lolote, na sioni hoja ya upande wangu inayoweza kulipuuza jambo hilo.

Kasi nayo maktaba inaisaidia. Faili la baiti 1,048,576 likisomwa baiti moja moja kwa read, ni safari zaidi ya milioni moja kwenda kwa kerneli na kurudi. Likisomwa kwa bafa (chombo cha kukusanyia data kwa muda) ya baiti 4,096, ni safari 256 na moja ya kuambiwa faili limekwisha. Maktaba nyingi hufanya hivi bila kuombwa.

Mpaka hapo ungesema kesi imekwisha. Sasa rudi kwenye ile 7.

Kerneli inaporudisha 7 imeahidi nini? Imeahidi kwamba imezipokea baiti. Kama ulikuwa unaandika kwenye faili, baiti hizo kwa kawaida ziko kwenye kumbukumbu ya kerneli, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux zinaweza kukaa hapo sekunde 30 au zaidi kidogo kabla ya kupelekwa diskini. Umeme ukikatika katikati, zimekwenda. Kufunga faili kwa close hakubadilishi hilo. Na flush() ya Python, ambayo nimeona ikitegemewa mara nyingi kama ngao, inahamisha data kutoka bafa ya Python kwenda kwa kerneli, haivuki hapo. Wito unaosema "usirudi mpaka diski iwe nayo" ni fsync, nao unapaswa kuuomba wewe.

Maktaba haiwezi kukuokoa hapa, kwa sababu haijui unachotaka. Programu ya muda inayoandika picha ndogo za kache (nakala za muda) haina haja ya fsync, tena ikiitumia itakuwa nzito bure. Programu inayomwambia mtu "Imehifadhiwa" baada ya kupokea malipo yake ina haja nayo sana. Mistari ya Python inaweza kufanana neno kwa neno katika programu zote mbili. Tofauti iko kwenye ahadi, na ahadi hiyo haionekani kokote isipokuwa kwenye miito.

Mfano wa karibu ni kuhifadhi faili la mipangilio. Wengi wetu tunalifungua kwa "w", tunaandika, tunafunga. Kwenye strace, mstari wa kufungua unasomeka hivi:

openat(AT_FDCWD, "mipangilio.json", O_WRONLY|O_CREAT|O_TRUNC|O_CLOEXEC, 0666) = 3

Lisome neno O_TRUNC. Maana yake ni kwamba kufikia wakati kerneli inarudisha ile 3, namba ya faili lililofunguliwa, mipangilio ya zamani imeshafutwa, na ya kwako mpya haijaandikwa hata baiti moja. Programu ikianguka hapo, faili ni tupu. Njia salama imejulikana kwa miaka mingi: andika kwenye faili lingine la muda katika folda ileile, lifanyie fsync, kisha tumia rename kulibadilisha jina liwe la lile la zamani, na kama unataka uhakika kwamba jina jipya nalo limefika diskini, ifanyie fsync folda yenyewe. Kwa rename, anayesoma faili analiona la zamani zima au jipya zima, hakuna la katikati. Ni miito michache, na mpangilio wake ndio wenye maana. Ukitanguliza rename kabla ya fsync, umerudi ulikotoka.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2009, mfumo wa mafaili wa ext4 ulipokuwa mgeni, watumiaji waliwasha kompyuta zao baada ya kuanguka wakakuta mafaili ya mipangilio yana baiti sifuri. Theodore Ts'o, aliyekuwa akiuongoza, alieleza kwamba programu hazikuwa zimeomba fsync, kwa hiyo hazikuwa zimeahidiwa kitu. Waandishi wa programu walijibu kwamba mfumo wa zamani, ext3, haukuwa ukiwafanyia hivyo. Mwishowe kerneli iliongezewa tahadhari ya kuwahi kupeleka data diskini katika hali mbili za kawaida, ile ya kufuta na kuandika upya na ile ya rename. Naona pande zote mbili zilikuwa na haki yake. Kwa maandishi, Ts'o alikuwa sahihi. Ila watu huzoea tabia ya mfumo, hawazoei maandishi yake, na mfumo unaobadili tabia unawajibika pia kwa waliouzoea.

Kisha kuna PostgreSQL, na hapa hoja yangu mwenyewe inatikisika. Hii ni hifadhidata ya watu wanaoishi na fsync kila siku. Walikuwa wanaamini kwamba fsync ikishindwa, unaweza kuomba tena, na ikifaulu mara ya pili data iko salama. Mwaka 2018 ikabainika kuwa Linux, baada ya kushindwa kuandika, ilikuwa ikizihesabu kurasa zile (vipande vya kumbukumbu vyenye data hiyo) kuwa safi, yaani zimeshaandikwa. Ombi la pili likarudi na jibu la kufaulu huku data haipo diskini. Mwaka uliofuata wakabadilisha: fsync ikishindwa, hifadhidata inajiangusha kwa makusudi na kuanza upya kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko. Ikiwa mabingwa hawa waliisoma vibaya ahadi ya wito mmoja kwa miaka mingi, kwa nini tumtarajie mwandishi wa tovuti aisome vizuri? Si bora atumie hifadhidata kama SQLite au PostgreSQL na kuwaachia?

Ndiyo, ni bora. Nawashauri watu hivyo hivyo. Lakini SQLite ina mpangilio uitwao synchronous, na ukiuweka OFF inaacha kusubiri diski. Maandishi yake yenyewe yanaonya kwamba umeme ukikatika hifadhidata inaweza kuharibika. Mpangilio huo unapendekezwa mara kwa mara kama dawa ya mwendo wa polepole. Anayejua fsync anauona na kuelewa anachokiuza ili apate kasi. Asiyejua anaona programu yake imekuwa nyepesi, anafurahi, anaendelea.

Wito wa pili unaovuja kupitia maktaba ni fork. Unaiga mchakato mzima: unaita mara moja, jibu linarudi mara mbili, kwa mzazi ikiwa namba ya mtoto na kwa mtoto ikiwa 0. Kumbukumbu hainakiliwi yote papo hapo. Ukurasa unanakiliwa pale mmoja wao anapouandikia. Fork imekuwapo tangu Unix ya mwanzo, ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na kwa programu za zama zile, zenye njia moja ya kutekelezwa, ilikaa vizuri sana. Programu za leo zina thredi nyingi, yaani njia nyingi za kutekelezwa kwa pamoja. Fork inanakili kumbukumbu yote ila thredi moja tu, ile iliyoita. Kama thredi nyingine ilikuwa imeshika kufuli (alama inayozuia thredi zingine kugusa data ileile) wakati huo, mtoto anarithi kufuli lililofungwa, na aliyekuwa na ufunguo hayupo. Mwaka 2019 watafiti wa Microsoft na wenzao wa vyuo vikuu walichapisha makala wakitaka fork istaafishwe.

Kinachonigusa ni jinsi hitilafu hii inavyojitokeza. Hakuna ujumbe wa kosa. Moduli ya multiprocessing ya Python ilitumia fork kwenye Linux kwa miaka mingi bila mwandishi kuichagua. Mtoto anaganda, basi, na mwandishi anapekua msimbo wake mwenyewe akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Akiushikia mchakato ule strace ataona mstari mmoja wa futex wenye FUTEX_WAIT uliosimama bila jibu: mtoto anasubiri kufuli. Python 3.12 ilianza kutoa onyo, na 3.14 ikaacha fork kama njia ya kawaida kwenye Linux. Upande wa maktaba unaweza kusema: mnaona, maktaba imejirekebisha. Ni kweli. Imechukua muda mrefu, na katikati hapo waliookoka ni waliojua kuna nini chini.

Kwa hiyo simtaki mtu yeyote aandike namba za miito kwa mkono. Go imelipa ada ya somo hilo kwa niaba yetu. Nataka aweze kuisoma, hasa pale programu yake inapomwambia mtu jambo ambalo mtu huyo atalitegemea. Kama una programu inayoandika "Imehifadhiwa" kwenye kioo, iendeshe leo chini ya strace, utafute ule wito wa write unaopeleka neno hilo kwenye namba 1, kisha panda juu mstari kwa mstari uone kama kuna fsync kabla yake, na kama jibu lake lilikuwa 0.