Sola haina kosa, wenye kosa ni kunguru (na sisi)

Jana nimekaa barazani hapa Lamu namsikia mzee mmoja anaitukana sola. "Yua lote hili na friza la samaki halishiki baridi! Urongo mtupu." Wenzake wakaitikia. Nikamaliza kahawa yangu nikaenda kuutazama huo mtambo wenyewe nyuma ya banda la samaki.

Subhanallah. Chumvi ya kusi imeganda kwenye vioo, mavi ya kunguru utadhani mtu kapiga chokaa, na ule mnazi wa pembeni, ambao siku ya kukata utepe ulikuwa mfupi, sasa ikifika alasiri kivuli chake kinalala juu ya safu nzima.

Jamani, paneli haili joto, inakula mwanga. Mwanga ukipiga silikoni, ile mali iliyomo ndani ya kioo, unang'oa elektroni, vichembe vya umeme, na kwa vile upande mmoja umetiwa fosforasi na mwingine boroni, elektroni zinasukumwa njia moja tu, umeme ndio huo, halafu inverta inaugeuza uwe kama wa nyumbani. Seli moja, kijisahani kimoja cha hiyo silikoni, inatoa kama nusu volti, si kitu, ndio maana wanazifunga moja nyuma ya nyingine kama shanga. Sasa wewe funika moja tu uone. Inawabana wenzake wote, kama punda aliyegoma katikati ya kichochoro cha Langoni, wa nyuma awe na haraka vipi atasubiri. Kuna daiodi, vidude vya kuupitisha umeme uruke palipofunikwa, sawa, lakini kipande kizima cha paneli kishakwenda.

Na hilo joto tunalojisifia ndio linatuibia. Nguvu ya paneli inapimwa seli zikiwa nyuzi 25, kila nyuzi ikizidi unapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.5, sasa fikiria bati la Lamu saa saba mchana.

Haya, usiku sola hailipi na betri ni pesa. Wenzetu wa Langobaya kule Malindi wana megawati 40 tangu mwisho wa 2021, wanamwaga kwenye gridi ya taifa, wasituringie.

Lakini sisi si ndio tuliopinga ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu mpaka leseni yake ya mazingira ikafutwa 2019? Tukasema jua tunalo! Leo ndoo ya maji imetushinda? Nimeuliza nani anaosha, nikaambiwa kamati. Kamati ni nani? Mwenyekiti yuko Mombasa.

Kesho alfajiri, vioo havijapata moto, naenda na maji matamu na kitambaa. Nimemwambia yule mzee aje na panga tupunguze makuti. Kanijibu mnazi ni wa shemeji yake.