Kabla Hamjacheka Zaidi: Sikumpika Mkwe Wangu

Haya, nimeona. Video ya sekunde 11 imetoka Likoni, imefika Mtwapa, imenirudia mwenyewe kupitia kwa shemeji yangu aliye Doha, na chini yake pameandikwa: "Jamaa afunua sufuria ya biriani kwenye foleni ya feri." Aliyerekodi ni mwenzangu wa baraza. Kila jioni twakaa pamoja, yeye anywa kahawa, mimi nalipa. Jina simtaji. Yuwajijua, na deni lake nalijua.

Tabu ni kwamba ukweli wenyewe ni mbaya kuliko video. Basi bora niusimulie mimi kabla hajausimulia yeye.

Gari langu, Pijo, mnalijua. Peugeot 504 ya marehemu mzee, rangi ya maziwa yaliyolala. Mzee alikuwa hakosi mambo mawili, sala na kupasha injini. Nami nimeyarithi yote, moja nalifanya sana. Saa kumi na moja alfajiri navuta choki, kile kitasa cha kuizidishia injini petroli ikiwa baridi, nawasha, naiacha ingurume dakika 25. Moshi mweusi hutambaa mpaka kwenye kamba ya nguo ya jirani, jirani hufungua dirisha akaomba dua, na dua yenyewe si ya kuniombea heri.

Wanaojua magari najua washaanza kutikisa vichwa. Ndiyo, nshaelezwa. Mombasa hii, hata Julai alfajiri, joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Injini ya kabureta yataka nusu dakika hivi, oili ipande, kisha uondoke taratibu, joto lililobaki italipata njiani. Ukiiacha imesimama na choki nje, petroli ya ziada yaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi zageuka makaa. Lakini mimi nilikuwa nangojea mshale wa joto upande, na mshale hauna haraka, kwa sababu fundi mmoja aliitoa themostati miaka miwili nyuma akaitupa mtaroni mbele ya macho yangu.

"Hii ni ya Ulaya, bwana. Hapa baridi iko wapi?"

Nikacheka, nikamlipa, tena nikamwongeza ya chai.

Themostati ndiyo bawabu wa maji. Huyazuia maji ya kupoza injini yasiende kwenye rejeta, lile sanduku la mbele linalopulizwa na upepo, mpaka yapite nyuzi 80, ndipo hufungua mlango. Bawabu akiondoka, maji yazunguka rejetani tangu dakika ya kwanza, na ukiwa mwendoni upepo wayapoza hata injini haipati joto lake. Petroli yaenda kama maji, lakini mshale walala chini kama paka wa Mji wa Kale. Mimi nikiuona vile najipiga kifua: Pijo yangu haijui kuchemka!

Hapo kati ikaanza tabia mpya. Asubuhi ikiwa imesimama, mshale wapanda upesi. Nikitoka nayo, washuka. Mwenye akili angejiuliza gari gani hili lapata joto likilala na kupoa likikimbia. Mimi nilisema alhamdulillahi, imepona.

Ilikuwa feni imekufa. Feni ya 504 hainaswi na mkanda moja kwa moja, ina sumaku. Maji yakipata moto, swichi yapeleka umeme kwenye sumaku kupitia kijiti cha kaboni, kidogo kama ncha ya penseli, sumaku yainasa feni, nayo yazunguka. Kijiti changu kilikuwa kimelika chote. Fundi mwingine alikwisha kunionyesha, kashika baki lake baina ya vidole viwili kama punje ya mchele. Nikamwambia, baada ya Idi. Sikumwambia Idi gani.

Sasa Jumamosi. Arusi Kisauni, mama mkwe yuko Likoni na dada zake wawili, na mke wangu kasema watachukuliwa na tuk-tuk. Nani alinituma nifungue mdomo? "Tuk-tuk! Mama yako apande tuk-tuk na mimi nina gari?" Nikavaa kanzu nyeupe, ile ya Idi, pasi mbili. Nikaenda.

Tulipotoka kwake, mama mkwe aliuliza kwa upole, "Mwanangu, hatupiti Dongo Kundu? Wasema ile barabara mpya haina foleni." Nikamwambia ni mbali, petroli, na feri ni hapo tu. Lile swali mpaka leo laniamsha usiku. Dongo Kundu ningekwenda na upepo mwanana usoni mwa rejeta, nifike Kisauni nasifiwa. Badala yake nikajipeleka mwenyewe kwenye foleni, saa sita na nusu mchana, magari hayaendi, jua limekaa juu ya boneti.

Na hata hapo ningenyamaza ingekuwa nafuu. La. Nikaanza kuwahadithia kina mama kwamba gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, likarudi likashinda tena 1978, tope na vumbi yote, halikuchemka. Dada mkubwa wa mkwe akasema mashaallah. Nikatazama dashibodi, mshale umevuka nusu.

Nikakohoa. Nikaendelea na Safari Rally.

Mshale ukagusa robo ya mwisho.

Sasa kuna ujanja wa madereva wa zamani, na ni wa kweli. Gari likitaka kuchemka, washa hita mpaka mwisho. Ile hita ni rejeta ndogo ndani ya gari. Maji ya moto yapita humo, feni yake yapuliza, joto laondoka kwenye injini. Joto laenda wapi? Laenda kwa abiria.

Nikapeleka mkono polepole, kama mtu aibaye sukari. Kitasa kikalia *krrk*. Mama mkwe akageuka.

"Wafanya nini, mwanangu?"

Nawaapia sikupanga. Ulimi ulitoka wenyewe. Nikasema, "Nawawashia baridi, mama."

Akafurahi! Akawageukia dada zake nyuma: "Fungeni vioo, yuwawasha baridi. Baridi haikai vioo viko wazi." Na yeye mwenyewe akazungusha mkono wa kioo chake, duru kwa duru, kile cha mbele ambacho huwa kigumu, siku hiyo kilipanda laini kama siagi.

Nyie mnaocheka, hebu kaeni humo kidogo. Wanawake watatu, mabuibui meusi, chini yake nguo za arusi, vioo vinne vimefungwa, Likoni, adhuhuri. Na mbele yao matundu mawili yapuliza pumzi ya tanuri la mkate, na harufu ya vumbi la tangu enzi za mzee. Dada mdogo alinyoosha kiganja mbele ya tundu, akakirudisha. Hakusema kitu. Dada mkubwa alianza kujipepea na bahasha ya tunzo. Wanja wa mama mkwe ukatoka jicho la kushoto, ukateremka taratibu, ukasimama kwenye shavu ukafikiri, ukaendelea.

"Mwanangu," akasema, bado kwa adabu, "baridi yako mbona yachoma?"

"Huanza hivyo, mama. Sasa hivi itatulia."

Huyo ni mama wa mke wangu. Mtu ambaye miaka tisa sijakaa mbele yake nikakunja nne. Nikamdanganya, huku jasho lanitoka puani ladondoka kwenye usukani, *to, to, to*, na wote tunalisikia.

Kisha boneti ikaanza kutoa moshi pembeni, mwembamba kama wa udi. Dada mdogo ndiye aliyesema maneno ya kwanza ya maana siku ile: "Hili gari lapikwa."

Nikazima, nikashuka. Kwa sababu watu wametazama, nikajitia fundi. Nikafungua boneti. Mtu mwenye akili angeiacha nusu saa nzima bila kugusa kitu. Mimi nikataka kitambaa. Mama mkwe, Mungu ampe umri, akanipa leso yake kwa dirisha. Nikaikunja mara nne juu ya kifuniko cha rejeta, na ile sehemu iliyobaki juu naisoma mpaka sasa nikifumba macho: SISI SOTE ABIRIA, DEREVA NI MUNGU.

Nikazungusha robo.

*Ssssss.* Hapo ndipo pa kuachia. Kifuniko kina hatua mbili kwa sababu hiyo hiyo, hatua ya kwanza ni onyo. Ndani maji yamebanwa, yamepita nyuzi 100 na bado ni maji kwa kuwa hayana pa kwenda. Ukiyapa nafasi, yageuka mvuke yote pamoja. Nyuma yangu nikasikia muuza madafu akisema, "Bosi, usifungue." Na mwingine, naye namjua, kashika simu, akisema, "Mwacheni afungue."

Nikafungua.

Sikusikia mlipuko. Nilichoona ni leso ikipaa. Ilikwenda juu imenyooka, nadhifu, kama imeanikwa angani, na chini yake nguzo ya maji rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu rejeta yangu naijaza maji ya kisima cha nyumbani, ya munyu, na kutu ya miaka yote ilikuwa humo yangojea siku yake. Niliruka nyuma. Uso ulisalimika, mkono ukaungua kidogo, kanzu ndiyo iliyopokea wageni. Nikaangukia mkokoteni wa madafu. Madafu yakaanza kubingirika kwenye kile kiteremko cha kwendea feri, moja baada ya jingine, na watu wote wa foleni wakayasindikiza kwa macho. Hapo ndipo video inapoishia. Sekunde 11.

Haikurekodi mama mkwe akishuka, amelowa kwa jasho, wanja umefika kidevuni, akinitazama nilivyo kahawia kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Kumbe hiyo baridi ilikuwa humu?" akauliza.

Yaliyobaki mafupi. Madafu 14 nililipa. Kijana mmoja akasema tutie maji ya bahari, hayo hapo yamejaa, nikamwambia hedi ya Pijo, kile kichwa cha injini, ni aluminiamu, chumvi itaila, akaniuliza na hii ya kisima ilikuwa asali? Sikuwa na jibu. Wapiga mikokoteni wanne walinisukuma kando kwa mia mbili. Mama mkwe na dada zake waliteremka kwa miguu wakavuka na umati, ng'ambo wakachukua tuk-tuk, wakala biriani ya kwanza. Mimi nilifika saa ya magharibi nyuma ya lori la kuvuta, na kanzu ile ile. Gasketi ya hedi imeungua, oili imeingiliwa na maji ikawa tui, hedi iko kwa mtu wa kuichonga isawazike. Themostati mpya nshanunua. Kijiti cha kaboni pia. Kilikuwa shilingi mia tano, jamani. Mia tano.

Jana mke wangu kanisomea ujumbe wa mama yake. Ijumaa ana miadi ya macho mjini, akaniomba nimpeleke likitengenea. "Ila baridi mwambie asiwashe."

Na leso yake bado ninayo. Ilinasa kwenye kioo cha pembeni cha matatu iliyokuwa nyuma yetu, utingo akanirudishia kwa mikono miwili kama mkono wa pole. Tangu Jumamosi imo kwenye ndoo. Doa la kutu limekaa juu ya neno DEREVA, sawasawa kama limepigwa mstari. Ndimu na chumvi nshajaribu, jiki naogopa itafuta na rangi. Mwenye dawa ya kutu kwenye kitambaa cha pamba aniandikie kabla ya Ijumaa. Na wewe wa kahawa, usijisumbue kujibu.