Ziwa Walker limenyimwa mto wake

Kila mjadala wa Ziwa Walker, ziwa la jangwani katika jimbo la Nevada, Marekani, unapoibuka, hakosi mtu wa kusema kwamba maji yanayofika ziwani ni maji yaliyopotea bure. Eti yanakwenda jangwani, yanachanganyika na chumvi, basi. Afadhali yabaki shambani. Nimekutana na maneno hayo tena wiki hii, na safari hii siyaachi yapite.

Kwanza, hakuna aliyemwaga chumvi katika ziwa lile. Mwaka 1882 lita moja ya maji yake ilikuwa na takriban gramu 2.5 za chumvi. Muongo uliopita ikavuka gramu 20. Katikati ya tarehe hizo mbili, mashamba ya juu ya mto yaliyachukua maji mwaka baada ya mwaka, na usawa wa ziwa ukashuka zaidi ya mita 45. Ziwa halina mlango wa kutokea. Jua hunyanyua maji na kuiacha chumvi pale pale, kwa hiyo mzigo wa chumvi uliotosha ziwa kubwa sasa umebanana katika ziwa dogo. Anayeniletea habari za mitambo ya kuchuja chumvi ajibu kwanza chumvi hiyo itatupwa wapi, na maji ya kujaza pengo yatatoka wapi. Dawa ni mto kufika ziwani.

Na waliolipia pengo hilo wanajulikana. Trauti wa Lahontan, samaki ambaye Wapaiute wa Mto Walker, wenyeji asilia wa eneo hilo, wamejengea maisha yao vizazi na vizazi, hawezi tena kuishi humo. Bwawa la Weber, lililojengwa mtoni, lilikwisha kumkatia njia ya kupanda mto kwenda kutaga, akawa anaishi kwa vifaranga vya kupandikizwa, hadi chumvi ikawaua hata hao. Kisha wakapungua tui, samaki wadogo wanaoliwa na ndege. Kisha wakapungua luni, ndege wa kaskazini waliokuwa wakitua hapo kupumzika katika safari zao za kuhama. Mji wa Hawthorne ulikuwa na tamasha la kuwapokea. Mwaka 2009 likafutwa kwa sababu ndege wenyewe walikuwa hawaji vya kutosha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa: sheria. Haki za maji za magharibi mwa Marekani zinasimama juu ya msingi mmoja, kwamba aliyetangulia kuyatumia maji ndiye wa kwanza kuyapata. Mto Walker una hukumu yake ya mwaka 1936, inayopanga nani achukue kiasi gani, na kwa tarehe ipi ya kutangulia; mwenye tarehe ya mapema hupata maji kwanza. Wapaiute wamepewa tarehe ya 1859. Walowezi wamepangwa nyuma yao, shamba kwa shamba. Ziwa halimo katika orodha. Ziwa lililokuwepo maelfu ya miaka kabla ya mfereji wa kwanza kuchimbwa halikuandikiwa hata tone moja, likaachiwa masalio ya mwaka wenye theluji nyingi. Mfumo unaojivunia kumheshimu aliyetangulia ulimsahau aliyetangulia kuliko wote, na hadi leo tunaambiwa tusiuguse kwa kuwa watu wamekwisha kuuzoea.

Kaunti ya Mineral, ambako ziwa liko, ilikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Nevada ikasema kwamba ndiyo, serikali inashikilia maji kwa amana ya wananchi wote, hata yale yaliyokwisha kugawanywa; lakini amana hiyo hairuhusu kugawa upya haki zilizokwisha kuamuliwa. Si majaji wote waliokubali, na mimi niko upande wa waliokataa. Amana isiyoweza kukinusuru kitu kilichowekwa amana inamlinda nani? California iliamua tofauti mwaka 1983 katika kesi ya Ziwa Mono, na mwaka 1994 Los Angeles ikapunguziwa maji iliyokuwa ikiyachukua katika vijito vya ziwa hilo. Mono bado halijafikia usawa uliowekwa, lakini angalau lina usawa unaotambuliwa na sheria.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mkulima wa alfalfa, majani ya kulisha mifugo, wa bonde la Mason kule juu ya mto hakuiba kitu. Alinunua au alirithi haki iliyokuwa halali, na nyumba yake inategemea mfereji ule. Ndiyo maana naunga mkono njia ya kununua: tangu mwaka 2002 Bunge la Marekani limetenga fedha kwa maziwa ya jangwani ya aina hii, na kupitia mpango huo haki za maji hununuliwa kwa wanaotaka kuuza, kisha maji huachwa mtoni hadi ziwani. Zaidi ya nusu ya maji yanayohitajika kuishusha chumvi hadi karibu na gramu 12 kwa lita imekwisha kupatikana. Ni njia ya polepole, na inanichosha kuona umma ukilipia maji ambayo ziwa halikupaswa kunyang'anywa. Lakini inafanya kazi.

Wanaosema theluji ya 2023 imemaliza tatizo kwa kuwa ziwa lilipanda mita kadhaa waitazame historia yake: limewahi kupanda miaka ya neema, na likashuka tena. Na wanaoona gharama ni kubwa waulize Owens, ziwa ambalo Los Angeles ililikausha baada ya kufungua mfereji wake mwaka 1913. Kulizuia vumbi lake lisiwaumize watu kumekwisha kugharimu zaidi ya dola bilioni 2, na maji ya ziwa hayajarudi.

Kwa hiyo sehemu iliyobaki inunuliwe sasa, maadamu wapo wakulima walio tayari kuuza, kabla ukame mwingine haujapandisha bei ya kila haki iliyobaki kwenye mto huo.