Jiwe la mpaka na namba za setilaiti: tuamini lipi Kasese?

Mzee mmoja wa ukoo wetu, juu ya milima ya Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, alimkatalia saveya, yaani mpimaji wa ardhi, kusimamisha fimbo yake shambani. Alisema, "Hiyo mashine haikumjua baba yangu, wala haikuwepo siku alipopanda ile miti." Miti aliyoitaja ni drasena, ile yenye majani marefu ambayo sehemu nyingi za Uganda hupandwa mpakani kwa sababu ni ngumu kufa. Ukiikata inachipua, ukiing'oa kikabaki kipande kinaota tena. Mwanawe, anayetaka cheti cha umiliki wa kimila, alimjibu kwa heshima kwamba miti haina namba, na hakuna benki itakayomsikiliza mtu anayeonyesha miti. Nilikuwepo. Maneno yao hayajanitoka tangu siku ile, na naona wote wawili wana haki, ingawa kila mmoja ana haki juu ya jambo lake.

Kwanza tujue saveya alikuja na nini, maana huku kwetu kila kifaa huitwa GPS. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mnyororo wa futi 66 wenye pingili 100, pamoja na theodolaiti ya kupimia pembe. Mnyororo uliburutwa mlimani, ukakazwa, na kila ulipolegea au kupinda juu ya jabali, kosa liliingia daftarini. Totali stesheni, kifaa cha siku hizi, imeunganisha kazi hizo mbili. Inasoma pembe, na papo hapo inatuma mwali wa mwanga hadi kwenye prizma, kioo cha kurudisha mwanga, iliyoshikwa na msaidizi. Mwali ukirudi, umbali unajulikana kwa kosa la milimita chache tu. Vipokezi vya setilaiti vya RTK, yaani vinavyosahihishwa papo hapo, navyo hufanya kazi kwa jozi. Kimoja hukaa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana, cha pili hutembezwa mpakani, na cha kwanza humtumia mwenzake masahihisho kwa redio au kwa mtandao wa simu. Hali ikiwa nzuri, nukta hupatikana kwa usahihi wa sentimita moja au mbili.

Hapo kijana ana haki, na sioni namna ya kumpinga. Ugomvi mwingi wa mashamba huku kwetu si wa ekari nzima, ni wa mstari mmoja wa kahawa. Jembe la jirani linasogea kidogo kila msimu, na baada ya miaka kumi mpaka umehama bila mtu kuona siku ulipohama. Namba zilizopimwa vizuri hazisogei na jembe. Tena hapa tuna mto Nyamwamba. Ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulishusha mawe makubwa hadi bonde la Kilembe na mjini, ukala kingo ambazo watu walizihesabu kuwa mipaka yao. Mti ulioondoka na maji hauwezi kusimama mbele ya baraza la kijiji. Aliye na koodineti, yaani namba zinazotaja mahali pa nukta, zilizopimwa sawasawa anaweza kumwita saveya mwaka wowote, akaonyeshwa ile nukta yake, hata kama jiwe la mpaka limefukiwa na kifusi.

Lakini neno "sawasawa" ndilo lenye kazi yote. Chukua kiwanja cha kawaida mjini, kile tunachokiita hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Ni upana wa mita 15 na kitu, urefu wa mita 30 na kitu, jumla kama desimali kumi na moja na nusu (desimali mia ni ekari moja). Kipokezi kidogo cha mkononi, au simu, kikiwa mahali pa wazi kinaweza kukosea mita 3 hadi 5. Mita 5 katika upana wa mita 15 ni theluthi ya kiwanja! Kifaa hicho kinatosha kuonyesha kijiji kilipo, au kuchora ramani ya visima na shule. Kukitumia kumgawia mtu kiwanja ni kumpa jirani yake kesi. Nimewaona watu wakilipia kazi ya namna hiyo, wakapewa karatasi yenye namba ndefu zenye nukta na tarakimu tatu nyuma yake, wakadhani urefu wa namba ndio usahihi.

Kosa baya zaidi halionekani kabisa kwenye skrini. Ramani za zamani za Uganda na vipimo vingi vya hati viliandikwa katika mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake, uitwao Arc 1960. Mfumo huo ulitokana na upimaji wa tao la meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, na meridiani hiyo inapita hapa hapa wilayani kwetu. Setilaiti na simu zinatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua koodineti za hati ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Mita 300 bado ni kijiji kile kile, majina ya ukoo ni yale yale, kahawa ni ile ile, hakuna cha kumshtua mtu. Kijana mwenye simu anasimama pale anawaambia wenye shamba kwamba wamevamia ardhi ya babu yake, na anaamini kabisa anachosema.

Kasese ina tatizo lake la ziada. Ikweta na meridiani ya 30 zinakutana katika wilaya yetu, na ramani za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kupimia kwa mita, hubadilisha kanda kwenye mistari hiyo yote miwili. Bwera iko kanda ya 35 kaskazini, mji wa Kasese uko kanda ya 36 kaskazini, Katwe iko 35 kusini, na Kasenyi kwenye ufuko wa Ziwa George iko 36 kusini. Kanda nne katika wilaya moja! Kosa la kanda kwa kawaida hugunduliwa upesi, kwa sababu linaitupa nukta mamia au hata maelfu ya kilomita. La mfumo wa marejeo ndilo linalolala kimya kwenye faili. Kwa hiyo karatasi yenye namba tupu, isiyotaja mfumo wala kanda, mimi naihesabu kuwa kazi ambayo haijaisha, hata ikiwa na mhuri.

Na mbingu yenyewe haitupi kila kitu tunachotaka. Kwenye mabonde ya Rwenzori, mlima unaficha nusu ya anga. Chini ya migomba na mikaratusi, mawimbi ya setilaiti yanadunda kwenye majani na vigogo kabla ya kufika. Mtandao wa simu ukikatika, masahihisho ya RTK hayafiki. Halafu tuko karibu na ikweta ya sumaku, mahali ambapo tabaka la juu la angahewa, ionosfia, huchafuka baada ya jua kuzama hadi karibu saa sita usiku, hasa kuzunguka Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi kama 2024. Saveya anayekimbizana na giza ili amalize kona mbili za mwisho saa moja jioni anazikaribia saa mbaya kuliko zote.

Mkono wa mtu nao umo. Fimbo ya kipokezi ina urefu wa mita 2, na kando yake kuna kiputo kidogo kinachopaswa kukaa katikati ya duara. Msaidizi aliyechoka akiiegemesha kwa digrii 5 tu, ncha ya juu inatoka kando kwa zaidi ya sentimita 17. Chombo kinachojisifia sentimita mbili kinaandika kosa la kumi na saba, na hakilalamiki. Totali stesheni haihitaji setilaiti, kwa hiyo chini ya migomba ndiyo ninayoiamini, ila lazima ione prizma, na mara nyingi hilo lina maana ya kukata matawi ya kahawa ya mtu. Hayo matawi yalipwe.

Sasa turudi kwa mzee, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko wanavyodhani vijana. Mashine hupima pale fimbo ilipowekwa. Haiulizi ni nani aliyesema iwekwe pale. Kama mjane mwenye shamba la chini alikuwa sokoni Mpondwe siku hiyo, na shemeji yake ndiye aliyemtembeza saveya, basi wizi umepimwa kwa usahihi wa sentimita mbili, na tangu hapo ni vigumu zaidi kuupinga, maana una ramani. Sheria ya Ardhi ya 1998, iliyoleta vyeti vya umiliki wa kimila, imeweka kamati za ardhi kwa ajili ya jambo hili hili: zifike, zione, zisikilize majirani. Lakini nimewahi kuona fomu ya majirani ikitiwa sahihi juu ya meza ya duka, kilomita mbili kutoka shambani.

Hata hivyo siwezi kumpa mzee kila kitu. Kumbukumbu ya wazee nayo ina upande inaoegemea. Mipaka ya wanaume wenye ng'ombe wengi hukumbukwa vizuri. Ya mabinti waliorudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika husahaulika upesi. Mti wa mpaka unaweza kupandwa usiku. Na wazee wanaondoka: aliyejua kona ya kusini ya shamba letu tulimzika kabla hatujamwuliza.

Msimamo wangu ni kwamba vifaa vije, tena vile vizuri, lakini vije vya pili. Kwanza majirani wote watembee mpaka kwa miguu, na wanawake wenye mashamba wawemo. Wakikubaliana, ndipo fimbo isimame. Na mwenye shamba abaki na nakala ya kazi nzima: koodineti, mfumo wa marejeo, kanda, aina ya kifaa, tarehe na saa, na namba ya usajili ya saveya. Anayelipia kupimwa akapewa ramani tu bila hayo amenyimwa nusu ya alichonunua.

Mzee alikubali kwa sharti hilo. Siku ya kupima alishika fimbo mwenyewe kwenye shina la drasena ya kwanza, mkono ukitetemeka kidogo, na saveya alingoja hadi kiputo kikatulia ndipo akabonyeza. Kwenye safu ya maelezo, mbele ya nukta ya kwanza, aliandika "drasena ya zamani, kona ya juu". Nukta saba zilipatikana siku ile kabla ya saa tisa alasiri. Ya nane bado. Jirani wa upande huo yuko Kasindi, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, kwa biashara, na mzee amesema wasipime mpaka arudi.