Nani apange tarehe ya ngoma?

Ukanda wa Ziwa Victoria kwa upande wa Mwanza haukosi mikusanyiko. Yapo mashindano ya ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, zipo kwaya, madrasa na vikundi vya kuweka na kukopa, na yapo madarasa ya kisomo cha watu wazima ambayo hufufuka na kufa kutegemea nani yuko tayari kufundisha. Linalogawa watu ni kama shughuli hizi ziingizwe katika ratiba rasmi ya halmashauri, zikiwa na bajeti, mdhamini, jukwaa na waamuzi, au ziachwe mikononi mwa vikundi vyenyewe. Nitazipima hoja za pande zote mbili, ingawa sifichi kwamba kwangu mimi uzito wa suala uko katika jambo linaloonekana dogo, nalo ni mamlaka ya kupanga tarehe.

Wanaotaka urasimishaji wana hoja zisizopuuzika. Mashindano ya ngoma huvuta umati mkubwa kwenye uwanja usio na choo, maji wala huduma ya kwanza. Pombe huuzwa pembeni, watoto hukaa mpaka usiku, na ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mizizi yake inafika karne ya 19, haujawahi kukosa tuhuma za dawa za kienyeji baina ya wapinzani. Kuna pia suala la malipo. Kiongozi wa kikundi aliyetunga nyimbo kwa miaka mingi anaweza kurudi nyumbani na nauli tu, wakati shughuli yenye mdhamini ingemlipa kwa makubaliano ya maandishi. Wanaosema utamaduni hauuzwi mara nyingi si wao wanaonunua ngozi za kuwambia ngoma.

Hata hivyo, kinachoingia kwenye jukwaa rasmi hakitoki kama kilivyoingia. Katika mashindano ya Kisukuma ya asili, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji huachwa huru kwenda wanakopenda. Hakuna karatasi ya alama. Kikundi kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi, kwa hiyo ningi, ambaye ndiye mtunzi na kiongozi wa wachezaji, muda wote anaupima umati kwa jicho. Akiona watu wa pembeni wameanza kugeuza migongo, anabadilisha wimbo papo hapo, au anatoa alichokuwa amekificha: chatu, ikiwa kikundi chake kinacheza Buyeye, au majembe yanayorushwa juu na kudakwa bila kupoteza mapigo, ikiwa ni Bugobogobo. Mtazamaji naye ana kazi, kwa sababu kila hatua anayopiga ni kura.

Jukwaani mambo ni mengine. Vikundi hupanda kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa dakika chache, mbele ya meza ya waamuzi wanaotoa alama za mavazi, mpangilio na ujumbe, na mara nyingi ujumbe wenyewe umeshaagizwa na mdhamini. Mgeni rasmi akichelewa, jambo ambalo si geni kwetu, hata dakika hizo hupunguzwa. Baada ya misimu michache kikundi hujifunza kuifurahisha meza, na ustadi wa kusoma umati, ambao ndio uliowafanya watunzi wa Usukumani wawe hodari, hukosa pa kufanyia kazi. Sidai kwamba ngoma ya jukwaani ni mbaya. Ninachosema ni kwamba ni mchezo mwingine, na halmashauri inayoufadhili isidhani kwamba imeuhifadhi ule wa kwanza.

Mtu anaweza kujibu kwamba taasisi imewahi kuingia katika shughuli hizi bila kuziua, na mfano uko jirani, Bujora, karibu na Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Kituo hicho, chenye makumbusho ya Wasukuma, kilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950, na kila mwaka tamasha la Bulabo hukutanisha huko sikukuu ya Ekaristi Takatifu na mashindano ya ngoma. Jibu hilo nalikubali, lakini tuangalie kwa nini Bulabo imedumu. Sikukuu ya Ekaristi hufuata Pasaka, na kwa kawaida huangukia kati ya mwisho wa Mei na karibu na mwisho wa Juni, wakati mvua zimekatika na mazao yanaingia ghalani. Kalenda ya Kanisa ilikutana na kalenda ya mkulima. Isitoshe, ushindani wa Bagika na Bagalu ulipewa uwanja badala ya kufutwa. Taasisi ilileta mahali na heshima, wachezaji wakabaki na mchezo wao.

Upande wa madarasa, historia inaipa serikali alama nyingi zaidi. Mwaka 1968 mikoa ya Ziwa ilianza kutekeleza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuendeshwa kutoka Mwanza, ambapo mtu mzima alijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji au migomba, kulingana na kazi yake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Hakuna kikundi cha kujitolea ambacho kingefanya hivyo peke yake. Lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, madarasa mengi yalififia, wakati kwaya na vikundi vya ngoma, ambavyo havikuitegemea sana hazina, viliendelea kukutana.

Hapa ndipo suala la tarehe linapokuwa zito. Chukua mwalo wowote wa dagaa, yaani ufuko wanakotia nanga wavuvi, Ukerewe au Sengerema. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kukiwa na giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi nzima mitumbwi mingi hupumzika. Katika majuma ya giza wavuvi hulala mchana, na wanawake hushinda wakianika dagaa kwenye chanja au mchangani na kutazama mawingu, kwani mvua moja inaweza kuharibu mzigo wote. Darasa lililopangwa kila Jumanne saa tisa alasiri kwa mwaka mzima litakuwa na wanafunzi siku chache na viti vitupu siku nyingi, na taarifa itakayoandikwa itasema wananchi hawana mwamko. Darasa hilohilo likikusanya vipindi vyake katika siku za mbalamwezi lingekuwa na watu, ila ratiba ya namna hiyo haina safu yake kwenye fomu.

Nakiri kwamba ofisa elimu au mkaguzi ana sababu ya kulalamika. Ratiba inayofuata mwezi mwandamo ni ngumu kukagua, na posho ya mwalimu isiyo na tarehe maalumu hufungua mlango wa udanganyifu. Mjini pia, Nyamagana na Ilemela, ambako watu wengi wanaishi kwa saa za ofisi, duka au kituo cha daladala, siku isiyobadilika ndiyo inayofaa, na tamasha katika viwanja vya Furahisha haliwezi kusubiri pamba ya Kwimba ivunwe. Mpango mmoja kwa mkoa mzima hautatosha, na wanaopigia debe vikundi vijitegemee moja kwa moja wanasahau hilo kama wanavyosahau wale wa upande wa pili.

Ninachoona kinafaa ni halmashauri kugharamia uwanja, vyoo, maji, huduma ya kwanza na ulinzi, na kulipa posho ya mwalimu kwa idadi ya vipindi vilivyofundishwa, vikithibitishwa na serikali ya kijiji, huku tarehe na namna ya kumpata mshindi zikibaki kwa vikundi. Kikwazo cha kwanza kitakuwa cha kihasibu. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, katikati ya msimu wa ngoma, wakati mafungu mengi yamekwisha na yale mapya hayajafika. Kwa hiyo fedha za ngoma za Juni lazima ziombwe katika bajeti ya mwaka unaotangulia na zitengwe zisiguswe, na za Julai na Agosti ziombwe katika bajeti inayofuata. Mazungumzo na vikundi yanapaswa kufanyika mapema, kabla makadirio hayajafungwa, na siyo wiki moja kabla ya mgeni rasmi kuwasili.