Lafudhi ya kukopa inavunja mistari

Ukizuka ubishi wa rapa anayechana kwa lafudhi isiyo yake, hutajwa Iggy Azalea, Mwaustralia wa Mullumbimby. Kwenye mahojiano alisikika wa kwao. Akishika maiki aligeuka mtu wa kusini mwa Marekani, na 2014 akafika namba moja kwenye chati za huko. Wamarekani weusi walimlaumu kwa kuvaa sauti yao, na lawama hiyo ina uzito. Kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba nina lawama nyengine, ya ufundi.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, kwa hiyo Mmarekani hufunga mstari kwa silabi nzito juu ya snea, ile ngoma kali ya biti, kwenye pigo la nne. Kijana akiiga hivyo, snea inaangukia silabi ya mwisho: nyumbaNI, mapeNZI. Mkunazini hawasemi hivyo, wala Wete. "Mba" ndiyo ikae juu ya snea, "ni" ifuate. Biti ya mapigo 90 kwa dakika inakupa theluthi mbili ya sekunde kwa kila pigo, nafasi ipo.

Vina navyo vinafuata mkazo. Kwenye shairi, "muda" na "shida" vinatosha. Kwenye rapu vinasikika vyepesi, maana sauti imelalia "mu" na "shi". "Shida" na "faida" ndivyo vinavyoshikana.

Halafu kuna "mtu" na "nne". Hapo m na n ni silabi kamili, na mkazo uko juu yao. Mwenye lafudhi ya kukopa huzimeza, mstari unapungua, kisha anaziba pengo kwa "yo, yo". Na wakati huo anaiacha "n'kwambie" yetu, inayopita upesi pale "nikwambie" inapobana.

Linaloniuma zaidi ni la karibu. Kijana wa Chake Chake aliyesoma chuo cha Kurani, anayetamka dhahabu na ghali sawasawa, akiingia studio anasema zahabu na gali ili aonekane wa Dar es Salaam. Aliyekua akitamka hivyo anasema lugha yake. Huyu anaigiza, na masikio ya Dar yanamjua mara moja. London Posse, kundi la rapu la Uingereza, walilikataa jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1980: wakati wenzao wengi Uingereza wanaiga Marekani, wao walichana kama walivyozungumza London.

Kujipima ni rahisi. Jirekodi kwa simu ukiisema beti bila biti, kama unamhadithia mwenzio barazani. Pigia mstari kila silabi iliyokazwa. Rekodi tena juu ya biti, ulinganishe. Silabi ya mwisho ikiangukia snea, chelewa kuingia robo pigo, au nusu ukiwa unachana taratibu. Ikikataa bado, tafuta neno jengine.