Laptopu ikifia usingizini, msiisingizie Linux

Ijumaa moja nilishuka kwenye daladala pale Mwenge mgongo ukiniungua. Laptopu niliyoifunika asubuhi ikiwa na chaji asilimia 90 ilikuwa inachemka ndani ya begi. Kuifungua, imebaki asilimia 11. Fundi niliyempelekea aliitazama mara moja tu: "Kaka, toa hiyo Linux, rudisha Windows."

Ushauri huo wa kuilaumu Linux, mfumo endeshi ninaoutumia badala ya Windows, nimeusikia mno, na naona tunawaonea watu wasio na kosa.

Zamani kompyuta ikilala ilikuwa inalala kweli. Kila kitu kinazimwa, inabaki RAM (kumbukumbu ya muda) peke yake ikinyonya umeme kidogo. Usingizi huo unaitwa S3. Mwaka 2012 Windows 8 ikaja na mtindo mwingine, wa kama simu: mashine haizimwi, inatulizwa tu ili iamke papo hapo. Windows 10 ikauendeleza kwa jina la Modern Standby, na watengenezaji wengi wakaanza kuiondoa S3 kwenye fimwea zao, yaani programu ya msingi inayokaa ndani ya mashine na kuiamsha kabla ya mfumo endeshi. Usingizi huu wa kisimu una sharti gumu, kwamba vifaa vyote vikubali kutulia. Diski moja ikigoma, prosesa haishuki hadi chini kabisa, na betri inaisha huku wewe unajua mashine imelala. Wapo wenye Windows wanaokutana na begi la moto vilevile.

Na fimwea hizo zimejaribiwa kwa Windows kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana kerneli ya Linux, yaani kiini chake, ikiulizwa na fimwea kama yenyewe ni Windows, hujibu ndiyo. Isipojibu hivyo, inaweza kuangukia njia ambayo hakuna aliyewahi kuipita.

Basi nikaanza kwangu. Ukiandika amri cat /sys/power/mem_sleep kwenye terminali utaona aina za usingizi ulizonazo, na ile iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika. Yangu ilikuwa s2idle, yaani huo wa kisimu. Pembeni yake palikuwa na deep, ambayo ndiyo S3. Bahati nzuri, maana mashine nyingi mpya hazina kabisa. Nikahamia deep. Ikalala, ikapoa, lakini haikuamka. Kioo cheusi, feni inazunguka, nikibonyeza Caps Lock kitaa chake hakiwaki. Kingewaka, ningejua kerneli iko hai na tatizo ni kioo tu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo Linux inapokuheshimu. Kuna faili linaitwa /sys/power/pm_test. Unaliandikia hatua unayotaka kuijaribu, unailaza mashine, nayo inafika hatua hiyo, inasubiri sekunde 5, kisha inarudi. Nilizipitia zote tano: freezer, devices, platform, processors, core. Zote zikarudi salama. Kilichobaki bila kujaribiwa ni pale umeme unapokatwa kweli, na fimwea inapoamka mwanzo kabla ya kuikabidhi kerneli kazi. Mshukiwa akabaki mmoja: fimwea.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, imepitia Dubai, na baiosi yake, ndiyo hiyo fimwea, ilikuwa haijaguswa tangu itoke kiwandani. Nikachomeka chaja, nikaandika amri za kusasisha fimwea: fwupdmgr refresh, halafu fwupdmgr update. (Usifanye hivyo betri ikiwa imechoka na Tanesco hawaeleweki, nakusihi.) Baada ya hapo ikawa inaamka. Sikubadilisha hata herufi moja ndani ya Linux zaidi ya kuchagua deep.

Ninachodai kwa watengenezaji ni swichi moja ndani ya baiosi, mwenye mashine achague usingizi anaoutaka. Wasituambie haiwezekani. Mwaka 2018 Lenovo walitoa ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 bila S3. Watumiaji wa Linux wakalalamika, na mwaka huohuo likatoka toleo jipya la baiosi lenye chaguo hilo, limeandikwa wazi: Windows au Linux. Kwetu sisi tunaonunua mashine zilizokwishatumika miaka minne au mitano, ambazo betri zake zimeshachoka, swichi hiyo ndiyo tofauti ya kufika kazini na kompyuta au kufika na chuma.

Jana nimeifunika saa nne usiku ikiwa na asilimia 80. Leo saa kumi na mbili asubuhi imeamka na 78, na chini yake nilipogusa palikuwa baridi.